Mfupa wa Nyonga na Kuanguka kwa Wazee

Katika mwili wa mtu hakuna mfupa mrefu wala wenye nguvu kuliko mfupa wa paja. Huanzia gotini ukapanda hata kufika nyonga, na urefu wake kwa mtu mzima wapata karibu robo ya kimo chake. Ukiutazama peke yake utaona kwamba haukunyoka kama fimbo mpaka mwisho. Karibu na ncha ya juu umepinda kuelekea ndani, kama tawi linavyoacha shina, na mwisho wa tawi hilo pana kichwa cha mviringo, laini kama gololi kubwa. Kichwa hicho kimeingia katika kikombe kilicho ubavuni mwa mfupa wa kiuno, nacho huzunguka humo bila kukwaruza, kwa kuwa kimefunikwa na gegedu lenye utelezi na kulainishwa na majimaji mfano wa mafuta. Hiyo ndiyo nyonga. Kwa ajili yake mtu aweza kutembea, kuchuchumaa, kupiga mpira, na kukaa mkekani.

Sehemu ile iliyopinda, kati ya shina na kichwa, huitwa shingo ya mfupa wa paja. Nayo ni nyembamba, tena huchukua uzito wa mwili kila mara mtu anapoinua mguu wa pili. Kijana haoni taabu yo yote. Lakini kwa mzee, na hasa kwa mwanamke mzee, shingo hiyo yaweza kuvunjika kwa kuteleza tu mlangoni pa choo. Jambo hili si dogo. Katika nchi zenye hospitali nyingi na hesabu nzuri imeonekana kwamba, katika wazee wanaovunjika nyonga, karibu mmoja katika kila wanne au watano hufa kabla mwaka haujaisha, na wengi wa wanaopona hawarudii mwendo wao wa kwanza. Mtoto akivunjika mkono kwa kuanguka mwembeni, baada ya majuma machache ataupanda mwembe ule ule. Kwa nini basi haiwi hivyo kwa bibi?

Ili mfahamu, fanyeni jaribio hili. Chukueni mifupa miwili ya mguu wa kuku, iliyosafishwa vizuri. Mmoja utieni katika chupa ya siki, muuache humo muda wa juma moja. Wa pili mwombeni mtu mzima auweke katika makaa ya moto mpaka uwe mweupe, kisha auache upoe. Ule wa siki mtaweza kuupinda kama mpira, wala hautakatika. Ule wa moto utakuwa na umbo lile lile la mfupa, lakini mkiubonyeza kwa kidole utavunjika kama chaki. Maana yake ni kwamba mfupa umefanywa kwa vitu viwili. Kimoja ni mawe ya kalisi, ambayo siki huyayeyusha. Cha pili ni nyuzi ngumu zilizosukwa, ambazo moto huziunguza. Mawe huufanya mfupa uwe mgumu, nyuzi huuzuia usikatike ovyo, na kimoja bila mwenzake hakifai kitu.

Tena mfupa si kitu kilichokufa kama nguzo ya nyumba. Ndani yake mna damu, na mna waashi wadogo wa namna mbili, wasioonekana kwa macho. Wa kwanza hubomoa mfupa mkuukuu kidogo kidogo, na wa pili hufuata nyuma yao wakijenga upya. Kwa mtu mzima karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa yake yote hubomolewa na kujengwa tena kila mwaka. Wakati wa utoto na ujana wajenzi huwashinda wabomoaji, kwa hiyo mfupa huzidi kuwa mnene mpaka mtu afikiapo umri wa miaka 25 au 30. Kisha huwa sawasawa kwa muda. Baadaye wabomoaji huanza kuwapita wenzao. Kwa mwanamke jambo hili huja kwa haraka zaidi, mara tu aishapo kukoma hedhi, maana nguvu ile ya mwili iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua wakati huo. Mfupa wa kikongwe wa miaka 80 kwa nje waonekana mzima, lakini ndani umejaa mianya kama mti ulioliwa na mchwa. Hauumi, wala hautoi dalili yo yote. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvunjika kwenyewe.

Lakini mfupa mwepesi peke yake hauvunji nyonga ya mtu. Hapana budi aanguke, na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Husema, "Bibi ameanguka kwa sababu ya uzee," kana kwamba uzee ni mkono unaomsukuma. Hebu jaribuni tena. Simameni kwa mguu mmoja, macho wazi, na mwenzenu ahesabu. Wengi wenu mtafika thelathini bila shida. Sasa fumbeni macho, mkahesabu tena. Wachache watafika kumi. Ndivyo mlivyojua kwamba macho husaidia miguu kusimama. Kisha mmoja wenu azunguke mara kumi mahali pamoja na kusimama ghafula: dunia itamzunguka. Hiyo ni kwa sababu ndani ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye maji, nayo hupeleka ubongoni habari za kichwa kuinama na kugeuka; mtu akisimama, maji yale huendelea kusukasuka kwa muda. Jambo la tatu ni nyayo na viungo, vinavyojua kama chini ni mchanga au saruji. Ubongo hukusanya habari hizi tatu, na kwa nukta moja huamuru misuli ya miguu ijirekebishe. Kwa mzee, jicho limeingia ukungu, sikio limechoka, unyayo umekufa ganzi kidogo, hasa akiwa na ugonjwa wa kisukari, na misuli imepungua. Amri ya ubongo hufika, lakini hufika kwa kuchelewa. Kijana anayejikwaa huanguka mbele akitanguliza mikono, na kama patavunjika kitu huwa ni kifundo cha mkono. Mzee hana wepesi wa kutanguliza mikono. Huanguka ubavu, na lililo la kwanza kupiga sakafu ni nyonga.

Tena kuna dawa. Mzee anayemeza vidonge vya shinikizo la damu, au vya usingizi, aweza kushikwa na kizunguzungu ainukapo upesi kitandani, kwa kuwa damu hushuka miguuni na ubongo ukapungukiwa kwa muda mfupi. Dawa si mbaya, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Yafaa tu aketi ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe miguu, ndipo asimame. Na kizunguzungu kikizidi, amwambie daktari, ili apime kama dawa yapasa kupunguzwa.

Sasa tuitazame nyumba. Zamani Kinondoni na Temeke zilikuwa pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, na leo zimeungana nao, hata Mbagala na Tegeta mtu hajui mji wamalizikia wapi. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa namna moja: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma yake ua, ambamo mna jiko, bafu na choo. Ni nyumba nzuri kwa kuishi watu wengi na kwa kupitisha upepo. Lakini mfuateni bibi wa chumba cha mbele anapoamka saa nane za usiku kwenda haja. Umeme umekatika, au upo lakini hataki kuwasha taa asiwaamshe wajukuu waliolala chini kwenye godoro. Awaruka wajukuu. Mlangoni pana kandambili jozi sita zimetawanyika. Ukumbini pana ndoo za maji, jiko la mkaa, na pikipiki ya mpangaji iliyoingizwa ndani isiibwe. Mwisho wa ukumbi pana kizingiti, kisha ngazi moja ya kushukia uani, isiyo na mahali pa kushika. Uani ni sakafu ya saruji. Jioni vyombo vilioshwa hapo, na maji ya sabuni hayajakauka, tena ukutani kivulini pameota ukungu wa kijani wenye utelezi. Chooni hana budi kuchuchumaa, kisha ainuke, wala hapana kitu cha kukamata. Na safari yote hii aifanya katika kanga ndefu inayoburura, na kandambili zilizolika nyayo mpaka zimekuwa laini kama sahani. Mimi sijapata kuona kiatu kibaya kwa mzee kuliko hicho. Safari hiyo hiyo aifanya mara mbili au tatu kila usiku. Yanipasa kushangaa, si kwamba wazee huanguka, bali kwamba hawaanguki zaidi.

Nje nako pana hatari zake: mitaro isiyofunikwa, mchanga, bodaboda zinazopita kando ya ukuta, na daladala ambayo kondakta wake hugonga bati gari liondoke kabla bibi hajaketi. Yale mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, yamejengewa vituo vilivyo sawa na sakafu ya gari, hata mtu aingia kama anavyoingia chumbani. Jambo hilo lilitengenezwa kwa sababu, ijapokuwa msongamano waweza kuiharibu faida yake. Walakini wazee wengi huvunjika nyumbani mwao wenyewe, mahali wanapopajua.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la maskini au la nyumba duni. Mwezi wa Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania, akafika Dar es Salaam na miji mingine, na wazazi wenu wengi wamkumbuka. Alikuwa mtu wa miaka 70, mwenye kupenda milima na kuteleza juu ya theluji kwa mbao. Mwezi wa Aprili 1994 aliteleza bafuni katika nyumba yake ya Vatikano, akavunjika mfupa wa paja la kulia karibu na nyonga. Alipasuliwa katika hospitali ya Gemelli mjini Roma na kutiwa kichwa cha nyonga cha kutengenezwa. Alipona, akafanya kazi miaka mingine mingi, lakini tangu siku hiyo alionekana na mkongojo.

Zamani waganga wengi wa Kizungu waliamini kwamba Waafrika hawavunjiki nyonga. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon wa Johannesburg aliandika kwamba, miongoni mwa Waafrika aliowachunguza, kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja kulikuwa kwa nadra sana kuliko kwa Wazungu. Yapata kuwa kazi za mikono na mwendo wa miguu viliwaimarisha mifupa. Lakini pana jambo jingine la kupimwa. Hospitali huwahesabu wale tu waliofikishwa mlangoni pake. Kikongwe aliyelazwa chumbani, akafa baada ya miezi miwili, hakuandikwa katika daftari lo lote. Tena waliofikia uzee walikuwa wachache. Leo sivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Tanzania zaidi ya watu milioni 3 waliotimiza miaka 60 na kuendelea, nao wengi wa mjini huketi sana kuliko bibi zao walivyoketi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya wanane katika kila kumi ni wa nchi zisizo tajiri. Miongoni mwa ajali zote, zile za barabarani tu ndizo zinazoua watu wengi kuliko kuanguka.

Nitawaeleza habari ya bibi mmoja jirani wa ndugu zangu, upande wa Mtoni, Temeke. Alianguka asubuhi uani, watu wazima wote wakiwa kazini na sokoni; nyumbani alikuwapo mjukuu wa miaka kumi na miwili peke yake. Mtoto alifanya kama tunavyofanya wote: alimshika makwapani amwinue. Bibi akapiga kelele kwa uchungu. Majirani wakaja, wakamnyanyua kwa nguvu, wakamlaza kitandani. Jioni akaletwa mtu wa kuchua kwa mafuta ya moto, na kesho yake mwunga mifupa, akafunga paja kwa vijiti. Siku ya tisa ndipo alipopelekwa hospitali, na wakati huo kidonda kilikuwa kimekwisha kuanza kwenye makalio na kifua kimeanza kukoroma. Hakurudi nyumbani. Sisemi kwamba jamaa zake hawakumpenda. Walimpenda, ila hawakujua walichokuwa wakikitazama.

Kilichokuwa mbele ya macho yao kilikuwa wazi. Shingo ya mfupa wa paja ikivunjika na vipande kuachana, misuli mikubwa huvuta paja kwenda juu na kulizungusha nje. Kwa hiyo mguu wa upande ule huonekana mfupi kuliko mwenzake, na vidole vyake huelekea nje kana kwamba vimelala. Maumivu huwa kinenani, wala mgonjwa hawezi kuinua kisigino. Mkiona hivyo, msimwinue, msimvute mguu, msimchue. Mwacheni alale hapo hapo alipo, mwekeni kitu laini chini ya kichwa, mfunikeni, na kitenge kilichokunjwa kitieni katikati ya mapaja. Kisha mmoja aende akaite watu wazima, akapige simu, na mmoja abaki naye. Achukuliwe juu ya kitu kigumu kilichonyoka, kama ubao au mlango uliong'olewa, si mgongoni mwa mtu wala juu ya pikipiki. Lakini jihadharini: pengine mfupa hupata ufa tu bila kuachana. Hapo mguu hauonekani mfupi, na mzee aweza kusimama na kuchechemea siku mbili tatu, mpaka ufa ufunguke. Mzee aliyeanguka, ikawa kinena chamwuma kila akanyagapo, na apigwe eksirei hata kama atembea.

Vijiti vya mwunga mifupa vyaweza kufaa kwa mkono wa mtoto, maana kipande cha juu na cha chini vyaweza kushikwa. Nyonga haiwezekani. Shingo ile imezikwa ndani ya nyama nene, na kijiti kilichofungwa pajani hakiwezi kuifikia. Hata hospitali za zamani zilishindwa. Dawa yao ilikuwa kumlaza mgonjwa na kumfunga mguu kwa kamba yenye uzito wa mawe au mchanga, upitao juu ya gurudumu, ili misuli isiupandishe mfupa, na kumwacha hivyo majuma mengi. Kilichowaua wazee hakikuwa mfupa. Kilikuwa kitanda. Mtu alalaye chali wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo na makalio. Mapafu hayajai hewa vizuri, na kichomi huingia. Damu isiyosukumwa na misuli ya miguu huganda katika mishipa, na pande la damu likipanda mpaka mapafuni laweza kuua kwa dakika chache.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Daktari Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Boston katika Marekani, alitengeneza msumari wa chuma wenye mabawa matatu, mgumu kuzunguka ndani ya mfupa, akatangaza habari zake mwaka 1931. Msumari huo ulipigiliwa kutoka ubavuni mwa paja, ukapita katika shingo, ukaingia kichwani, ukavishika vipande pamoja. Lakini kichwa cha mfupa wa paja kina shida moja: sehemu kubwa ya damu yake hukijia kwa mishipa midogo inayotambaa juu ya shingo. Shingo ikikatika, mishipa huweza kukatika pamoja nayo, na kichwa hufa polepole hata kama kimeunganishwa vizuri. Kwa sababu hiyo madaktari walijifunza kukitoa kichwa chote na kutia cha chuma, na katika miaka ya 1960 John Charnley wa Uingereza akaonyesha jinsi ya kubadili nyonga nzima, kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki. Ikiwa mfupa umevunjika chini ya shingo, ambapo damu ni nyingi, haulazimu kubadilishwa. Hushikwa kwa chuma na kuungana. Hivyo daktari hutazama picha ya eksirei kwanza ajue ni pande lipi limevunjika. Popote iwezekanapo mzee hupasuliwa ndani ya siku mbili, na kesho yake huketishwa na kusimamishwa. Wengi huogopa wakisikia hivyo, wakidhani ni ukatili, nao hawajui kwamba kila siku ya kulala ni hatari zaidi kuliko kile kisu.

Katika Dar es Salaam, mgonjwa wa Kinondoni aghalabu hupelekwa kwanza hospitali ya Mwananyamala, na wa Temeke hospitali ya Temeke, na inapohitajika hupewa barua ya kwenda Muhimbili, ambako kuna taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Watu wa mjini huiita MOI. Fedha ni jambo zito, kwa kuwa chuma cha nyonga ni cha gharama, na jamaa nyingi huchangishana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60, na katika miaka iliyofuata halmashauri ziliwapa vitambulisho wazee wasio na uwezo, watibiwe bila malipo. Yafaa kushughulikia karatasi hizo mzee akiwa mzima. Siku ya kuanguka si siku ya kutafuta mjumbe.

Je, kuanguka kwaweza kuzuiwa? Katika New Zealand, kwenye Chuo Kikuu cha Otago, madaktari walijaribu katika miaka ya 1990. Waliwatembelea nyumbani wanawake wenye miaka 80 na zaidi, wakawafundisha mazoezi mepesi ya kutia nguvu miguu na kusimama imara, wayafanye mara chache kila juma. Majaribio yao yalipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa karibu theluthi moja. Mazoezi yenyewe hayahitaji chombo ila kiti kisichoyumba: kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi, bila kujisukuma kwa mikono ikiwezekana, kusimama nyuma ya kiti na kuinua visigino, kutembea kwa kuweka kisigino mbele ya vidole, mkono ukipapasa ukuta. Mjukuu aweza kusimama kando na kuhesabu. Jambo baya kuliko yote ni lile linalofanywa kwa upendo, yaani kumkalisha bibi barazani siku nzima na kumwambia, "Bibi, wewe keti, sisi tutakufanyia." Miguu isiyotumika hunyauka, na bibi aliyeanguka mara moja akaogopa kutembea ndiye atakayeanguka mara ya pili.

Chakula nacho kina kazi yake, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na maziwa, ndio hazina ya kalisi. Jua hutengeneza vitamini D katika ngozi, nayo huingiza kalisi mwilini; mzee afungiwaye ndani huikosa katika nchi yenye jua tele. Mazoezi na chakula hivi ni vya watoto pia, kwa kuwa mfupa wa miaka 80 hujengwa kabla ya miaka 30.

Macho yatazamwe. Ukungu mweupe wa mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa, na hospitali ya CCBRT, Msasani, hufanya kazi hiyo. Kisha nyumba itazamwe kwa jicho la mtu aamkaye saa nane za usiku. Njia ya ukumbini iachwe wazi. Tochi au taa ndogo ya jua iwe mkononi mwa bibi, si juu ya kabati. Ndoo yenye kifuniko au chombo cha haja kikiwekwa chumbani, safari ya uani haipo tena. Wazee wengine huona haya, na hapo yataka maneno ya adabu, pengine kutoka kwa binti yake na si kwa mjukuu. Chooni na kwenye ngazi fundi atie bomba la chuma ukutani, lililoshikwa kwa saruji, kwani kipande cha mbao kilichopigiliwa misumari miwili chaweza kung'oka na kumwangusha aliyekitegemea. Sakafu ya bafu isuguliwe ukungu kwa brashi na mchanga. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, na viatu viwe vya kufunika kisigino, chenye nyayo zinazokamata.

Imebaki habari ya mkongojo, ambao karibu watu wote huushika vibaya. Mzee asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukizidi, bega hupanda. Ukipungua, mgongo huinama. Ncha yake itiwe mpira, nao ukilika ubadilishwe. Kisha aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu kama wengi wafanyavyo, autangulize pamoja na ule mguu mbovu, ndipo uzito ugawanyike. Na kwenye ngazi mambo hubadilika: akipanda, mguu mzima hutangulia, na mkongojo na mguu mbovu hufuata, akishuka, mkongojo na mguu mbovu ndio wa kwanza. Anayemsindikiza asimame daima upande wa chini.